Ufa Ulioikwepa Mwanza

Mawe ya Mwanza yalikuwapo kabla ya samaki, kabla hata ya majani. Jiwe la Bismarck linalochomoza ziwani, pamoja na miamba iliyopandana kutoka Capri Point hadi Bugando, ni granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mizizi yake ni minene na imepoa, na Bonde la Ufa lilishindwa kuipasua. Likapita kando: mkono wa mashariki ukashika maziwa ya Natron na Manyara, wa magharibi ya Albert na Tanganyika.

Ushahidi wa unene huo ni almasi za Mwadui, Shinyanga, alizozigundua John Williamson mwaka 1940. Almasi huzaliwa zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi, penye miamba ya kale kama hii.

Ziwa Victoria nalo ni zao la ufa. Zamani mito ya Kagera na Katonga ilitiririka kwenda magharibi. Ukingo wa ufa ulipoinuka, maji yakarudi nyuma yakatuama, yapata miaka 400,000 iliyopita. Ndiyo maana kina chake ni kama mita 80 tu, ilhali Tanganyika, lililolala ndani ya ufa wenyewe, linakaribia mita 1,470.

Lakini ardhi hupasukaje? Mwanasayansi Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara huhama, alikuwa na hoja nzito: pwani za Afrika na Amerika Kusini zinaoana, na mabaki ya Mesosaurus, mtambaazi mdogo asiyeweza kuvuka bahari, yapo pande zote mbili za Atlantiki. Alishindwa kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma. Wengi wakampuuza.

Huku kwetu ubishi ulikuwa juu ya ufa. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyefika Kenya mwaka 1893, aliona ardhi iliyovutwa, mwenzake E. J. Wayland wa Uganda akasema imebanwa. Miaka ya 1930 akaja mwanasayansi Edward Bullard na pendulumu, akipima mibembeo yake kwa ishara za redio. Penye miamba mizito hubembea upesi, bondeni ilichelewa, ishara kwamba miamba ya chini ni myepesi. Mwaka 1936 akahitimisha kuwa ufa umebanwa, ndiyo maana miamba hiyo haikuinuka, na hapo alikosea.

Mtu huyohuyo, mwaka 1965, pamoja na wenzake Everett na Smith, aliunganisha Afrika na Amerika kwa kompyuta, akifuata kingo za mabara zilizo chini ya maji. Zikashikana karibu bila pengo. 

Leo vipimo vya GPS vinaonyesha ufa ukipanuka milimita chache kwa mwaka, huku bamba dogo la Victoria, kipande cha gamba la dunia kinachobeba Mwanza na Musoma, likijizungusha kinyume cha saa. Utafiti wa mwaka 2020 ulieleza sababu: mabamba makubwa ya kando hulivuta bamba hilo kupitia sehemu zenye miamba imara, na mikanda dhaifu inayolizunguka huliruhusu kugeuka.