Mashine ya Pumzi na Nywele za Mama

Kuna mama anayekoroma usiku, pumzi ikikatika anashtuka akihema. Daktari alimpa mashine ya kupuliza hewa puani, iitwayo CPAP. Sasa ameificha chini ya kitanda. Kisa? Mikanda ya maski inamkata nywele!

Mashine hii ilianzia Sydney, Australia, ambako Daktari Colin Sullivan aliijaribu kwa mgonjwa wa kwanza Juni 1980. Mwaka 1981 alichapisha habari za wagonjwa watano. Hewa ilisukumwa na mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Hebu fikiria kelele zake! Na maski za miaka ile zilibandikwa usoni kwa silikoni kila jioni, zikabanduliwa asubuhi. Mikanda ilikuja baadaye, ikaokoa ngozi ya uso, lakini msuguano ukahamia kichwani.

Kwa hivyo mama, funga kwanza kitambaa cha satini, kisha mikanda juu yake. Rasta usizifunge fundo kisogoni, kwa maana mkanda utateleza na wewe utazidi kuukaza. Zilaze kando, zikiwa kavu. Usijipake mafuta usoni, hulegeza maski. Nywele za pembeni zikianza kunyonyoka, rudi kliniki ukaonyeshwe maski ya umbo lingine. Mashine usiiache, kwa sababu pumzi ikikatika kila usiku shinikizo la damu hupanda, na nywele mara nyingi hukua tena.