Gari Inapiga 'Ko Ko' Kwa Matuta? Hivi Ndivyo Unabadilisha Vyuma vya Mbele Ukiwa Kwenu

Kama unasukuma Toyota Corolla 110 ama mkoko mwingine wa rika hiyo, hii sauti unaijua. Unaruka tuta la mtaani pole pole, mbele inajibu "ko ko". Unaongeza redio. Wiki ijayo ni "ko ko ko" na stering imeanza kuvuta upande mmoja. Buda, redio haitakusaidia.

Habari njema ni kwamba kazi nyingi ya mbele unaweza kujifanyia kwa parking ya ploti. Lakini kuna nati moja haufai kugusa hata ukibembelezwa, na tutafika hapo.

Mbele ya 110 ina mfumo wa MacPherson, jina la injinia Mmarekani, na Ford Vedette ya 1949 ilikuwa kati ya gari za kwanza kuutumia. Kila upande una shoki iliyovaa springi kubwa. Chini kuna mkono, ule mafundi huita loa amu, umeshikwa kwa bodi na bushi za mpira. Mwisho wa mkono kuna boljointi, ndiyo inashikilia habu. Halafu kuna linki nyembamba za stabilaiza. Ni hivyo tu.

Kabla ununue chochote, jua ni nini imeisha. Wasee wengi hukimbia Kirinyaga Road kununua shoki, kumbe shida ni linki ya bei ya chini kabisa. Mimi pia nilichomwa hivyo: fundi mmoja aliniuzia shoki mbili, nikatoka hapo kelele ikiwa ile ile. Inua gurudumu moja hewani. Shika tairi juu na chini, utikise. Kisha weka chuma kirefu chini ya tairi uinue kidogo huku mwenzako akiangalia boljointi. Ikicheza hata kidogo, imeenda, na hiyo si ya kungoja mwisho wa mwezi. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala upande na gari haigeuki tena. Ukitikisa kushoto na kulia ikacheze, angalia tairodi. Shoki inayotoka oili haina mjadala.

Sasa usalama, na hapa sitaki mchezo. Jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Nunua ama uombe stendi mbili za chuma. Mawe ya ujenzi hupasuka bila kutoa notisi, kwa hivyo usiyaamini. Fanya kazi kwa simiti, si kwa mchanga, vuta handbreki, na uzibe magurudumu ya nyuma kwa mawe. Tairi ukishatoa, ilaze chini ya bodi. Stendi ikiteleza, gari itaangukia tairi, haitakuangukia wewe.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, pulizia nati zote WD-40. Gari ya zaidi ya miaka 20 ina kutu ya kujivunia.

Anza na linki kwa sababu ni rahisi. Inua pande zote mbili za mbele kwa pamoja, la sivyo ile chuma ya stabilaiza itakuwa imejikunja na bolti hazitatoka. Nati ikizunguka na bolti yake, shika katikati na alenki.

Boljointi ya 110 imefungwa kwa mkono na bolti moja na nati mbili, na juu kuna nati yenye meno iliyozuiwa na pini. Toa pini, legeza nati bila kuitoa yote, kisha gonga ubavu wa kile chuma kizito kinachoishika mpaka iachie. Usigonge ncha ya boljointi. Ukirudisha, weka pini mpya. Ile ya zamani uliyoinyoosha kwa koleo, tupa.

Bushi za mkono zinahitaji presi, kwa hivyo ama unanunua mkono mzima ama unaubeba hadi kwa fundi mwenye mashine. Siri ambayo wengi huruka ni hii: usikaze bolti za bushi gari ikiwa hewani. Zishike tu, shusha gari ikae kwa magurudumu yake, ndio ukaze. Ukikaza juu, mpira unakaa ukiwa umesokotwa, na baada ya muda mfupi utararuka.

Tumefika kwa shoki. Kuitoa ikiwa na springi yake unaweza: bolti mbili chini, nati tatu juu kwenye boneti. Paipu ya breki ifungue kwa kishikio chake kwanza, isivutwe. Ile nati ya katikati, juu kabisa, ndiyo nakukataza. Inazuia springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuvunja taya. Kuna wasee huifungua na kamba ama waya, na wewe usiwe mmoja wao. Beba kitu chote hadi kwa fundi mwenye kibanio cha springi, akubadilishie, urudi nacho nyumbani.

Shoki nunua mbili, kushoto na kulia, hata kama ni moja imekufa. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini, utahisi kwa kona na kwa breki. Na ukipewa spea ya ex-Japan, angalia mpira haujapasuka kabla utoe doo.

Nati za magurudumu za 110 hukazwa kwa 103 Nm, kama una spana ya kupima. Kisha toka pole pole uende alaimenti siku hiyo hiyo, kwa sababu zile bolti mbili za chini ya shoki zikisonga kidogo tu, tairi italiwa upande mmoja. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi chini na spana uguse kila nati tena.