Kompyuta ya Kuungaunga

Vijana wengi hawasadiki ninapowaambia kwamba katika nchi yetu hii kompyuta ilipata kupigwa marufuku. Hudhani ni masihara ya uzee. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Televisheni sisi wa Bara tuliisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kizuizi cha kompyuta kilianza kulegezwa polepole katika miaka ya 1980, na hata baada ya hapo mwalimu wa kawaida aliweza kumaliza utumishi wake bila kuigusa.

Sikubaliani na wale wanaolicheka agizo lile. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilitoka kwa kampuni ya Kiingereza iliyoitwa ICT, ambayo mwaka 1968 iliungana na wenzake ikawa ICL. Msomaji asifikirie kitu cha kuweka mezani. Mashine za wakati ule zilikuwa na makabati ya chuma yaliyojaza chumba, zilitaka hewa ya kupoza, kadi za kutoboa, na zaidi ya yote zilitaka watu. Watu hao hatukuwa nao. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine, mambo yakavurugika, na waliojua kuyanyoosha walikuwa wageni waliolipwa kwa fedha za kigeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila wenyewe hatukuweza kulisoma.

Na tuukumbuke mwaka wenyewe. Baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 bei ya mafuta ilipanda vibaya, mvua nazo zikakosekana, na fedha za kigeni zilizokuwapo zilikwenda kununua mahindi. Mwezi Novemba 1974 chama kilikutana Musoma kikaazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ndani ya miaka mitatu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, na nakumbuka tulivyokuwa tukigawana chaki. Katika hali ile, kukataa mashine ya bei ya dhahabu ambayo ufunguo wake anao mgeni haukuwa ujinga. Nguo ya kuazima haisitiri.

Kasoro ya agizo lile ni kwamba lilikaa pale pale wakati kitu chenyewe kilichokatazwa kilikuwa kinageuka. Kompyuta ya 1974 na kompyuta ya 1984 zilishirikiana jina tu, na kisa cha kugeuka huko ningependa kukieleza kwa kituo kidogo, maana ndicho kilichomwezesha mstaafu wa pensheni ndogo kuwa na mashine ya kwake mwenyewe.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta ya mtu binafsi. IBM ilikuwa jabali la mashine kubwa, na desturi yake ilikuwa kutengeneza kila kitu yenyewe na kukificha. Safari hii ilikuwa na haraka, kwa kuwa kampuni ndogo kama Apple zilikwisha kuonyesha kwamba kuna soko. Kazi ikapewa kikosi kidogo kilichokaa Boca Raton, Florida, mbali na makao makuu, chini ya mtu aliyeitwa Don Estridge. Walipewa kama mwaka mmoja. Kwa muda ule hakuna awezaye kubuni kila kitu, hivyo wakanunua vya watu: prosesa ikatoka Intel, kisomea diski kikatoka Tandon, mashine ya kuchapia ikatoka Epson ya Japani, na programu endeshi ikatoka Microsoft, kampuni ambayo wakati huo watu wachache waliijua. Bei ilianzia dola 1,565, na kwa fedha hiyo mnunuzi alipata kumbukumbu ya kilobaiti 16, bila kioo na bila kisomea diski. Lakini ndani mlikuwa na nafasi tano za kupachika kadi, na IBM ilichapa kitabu chenye michoro ya saketi zake zote ili wengine watengeneze kadi hizo.

Kufuli moja tu ilibaki. Ndani ya mashine kuna programu ndogo iliyochomwa kwenye chipu, iitwayo BIOS, ambayo huamsha kompyuta inapowashwa na kuvitambulisha viungo vyake. Hii IBM iliilinda kwa hakimiliki. Kitabu kiliichapa herufi kwa herufi, na aliyethubutu kuinakili alishtakiwa.

Mwaka 1982 wahandisi watatu waliotoka Texas Instruments walianzisha kampuni ya Compaq mjini Houston. Walifanya jambo ambalo mimi kama mwalimu nimelifurahia siku zote. Waligawa watu wao makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma BIOS ya IBM na kuandika maelezo ya inachofanya: ukiiuliza hivi, hujibu vile. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuitia machoni, lilipewa maelezo hayo peke yake, likaandika programu yake jipya kabisa. Kila aliyesahihisha mitihani anaijua tofauti ya mwanafunzi aliyenakili na mwanafunzi aliyeelewa, hata kama majibu yao yanafanana. Mahakama za Marekani nazo zinaijua tofauti hiyo. Compaq haikunakili kitu. Mashine yake ya kubeba, iliyotangazwa Novemba 1982, iliendesha programu za IBM. Mwaka 1984 kampuni nyingine, Phoenix, ilikwisha andika BIOS ya namna hiyo na kuiuza kwa yeyote aliyetaka.

Hapo kufuli ilivunjika. Karakana za Taiwan zikaanza kutoa bodi kuu, zile ambazo mafundi wetu huziita mazabodi, kwa maelfu. Mwaka huo huo wa 1984, kijana wa miaka 19, Michael Dell, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Texas, alianza kwa mtaji wa dola 1,000 kuunganisha na kuuza kompyuta kwa matakwa ya mnunuzi. IBM ilijaribu kurudisha mlango. Mwaka 1987 ilitoa mashine mpya zenye nafasi za kadi za aina yake peke yake, na aliyetaka kuzitumia alitakiwa kulipa. Mwaka uliofuata kampuni tisa zilikubaliana kufuata mpango wao wenyewe, na dunia haikuifuata IBM. Mwaka 2005 IBM iliuza biashara yake yote ya kompyuta ndogo kwa Lenovo ya China. Estridge hakuyaona hayo. Alikufa katika ajali ya ndege huko Dallas mwezi Agosti 1985.

Kipo kipande kimoja ambacho hakisemwi sana, labda kwa sababu kinahusu tundu za skurubu. Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo viitwavyo ATX: bodi kuu iwe na ukubwa gani, tundu zake zikae wapi, plagi ya umeme iwe na umbo gani. Kwa sababu hiyo kasha lililotengenezwa na mtu mmoja hupokea bodi ya mtu mwingine na pawa saplai ya mtu wa tatu. Asiyekumbana na jambo hili ataliona dogo. Mimi nimekumbana nalo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake kilipewa kompyuta moja ya msaada, mashine nzuri yenye jina kubwa. Tuliipokea kwa hotuba. Ilifanya kazi mwaka mmoja na miezi, kisha umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu kama ilivyo kawaida yake, na pawa saplai ikaungua. Fundi aliyeifungua alitingisha kichwa. Watengenezaji waliiunda kwa umbo lao wenyewe, na kipuri kilipatikana kwao tu, ng'ambo, kwa bei iliyokaribia nusu ya mashine. Ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa ofisini kama kaburi la shehe, na katibu muhtasi wangu akarudi kwenye taipu na karatasi za stensili. Kuanzia 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupata kompyuta kwa mpango maalumu, lakini ile ya kitambaa haikuamka tena. Nililiona agizo la 1974 kwa macho mengine siku zile. Mashine ilikuwa yetu kwa karatasi tu.

Kwa hiyo nilipostaafu mwaka 2010, na kiinua mgongo kikishaezeka nyumba na kulipa ada za watoto, nilijua ninachotaka kwa fedha kidogo iliyobaki. Nilitaka kompyuta ya mezani ambayo kila kiungo chake kinaweza kununuliwa Kariakoo na mtu asiyenijua. Zilikuwapo za mtumba kutoka Ulaya, zilizotumika maofisini, na kwa bei hakuna kilichozishinda; sizikatai, nimeshawashauri wengi wazinunue. Ila nyingi zina makasha membamba na pawa saplai za umbo la pekee, na mimi jambo hilo lilikwisha niuma.

Nilimpata kijana mmoja mwenye kibanda cha ufundi. Nilimwambia nitaitumia kuandika, na bajeti yangu nikamtajia waziwazi.

"Mwalimu," akasema, "hapa tusiweke hela kwenye prosesa. Wewe huchezi gemu."

"Tuweke wapi, mwanangu?"

"Kwenye pawa saplai na stabilaiza. Hizi za bei chee zimeandikwa wati nyingi kwenye karatasi, lakini ishike uone. Haina uzito. Ikiungua hii inakufa na mazabodi."

Nikaishika, kweli ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Tukachukua nzito. Prosesa ilikuwa ya daraja la chini, ramu gigabaiti 2, kasha la bati lisilo na urembo wowote, kibodi mpya kwa kuwa vidole vya mzee vinataka kibodi inayoitika, na kioo cha mtumba. Kuhusu programu tulivutana kidogo. Alitaka kuniwekea ya wizi kama wafanyavyo wengi, nami nikakataa, si kwa utakatifu bali kwa sababu tangu 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha shiriki kuitoa OpenOffice kwa Kiswahili, bure na kwa halali, wakaiita Jambo. Niliona si haki watu watoe jasho kutafsiri kitu kama kile halafu mwalimu wa Kiswahili atumie cha wizi cha Kiingereza. Kijana akaipakia, akacheka aliposoma neno "hariri" mahali alipozoea neno la kigeni.

Insha nyingi za kitabu hiki zimeandikwa juu ya mashine hiyo. Diski yake ilikufa mwaka 2015, ikawekwa nyingine kwa asubuhi moja. Ramu imeongezwa mara mbili. Bodi kuu na prosesa vilibadilishwa pamoja mwaka 2019, na vile vya zamani yule fundi alivinunua kwangu kwa fedha kidogo akaviuza kwa mwanafunzi wa sekondari. Pawa saplai nzito ingali ile ile. Juzi feni yake imeanza kupiga kelele, na fundi ameniambia kwamba inataka kupakwa mafuta tu.