Kanisa la London lililopokea waliokimbia mabomu

Mjini London, Uingereza, watu hukusanyika jioni katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, lililomalizika kujengwa mwaka 1726, kusikiliza muziki wa klasiki, piano ikiwemo, kwa mwanga wa mishumaa.

Kanisa hilo lina historia ya kupokea watu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mchungaji Dick Sheppard aliwafungulia milango askari wasio na pa kulala. Mwaka 1924, redio ya BBC ilirusha kutoka humo ibada yake ya kwanza ya kanisani. Vita vya pili vilipofika, wakaaji wa mji walijificha mabomu katika chumba kilicho chini ya kanisa.

Wanaosikiliza piano leo wamekaa juu ya chumba hicho. Na wasio na nyumba bado wanasaidiwa pale.