Plymouth (programu)

Plymouth ni programu huria inayoonyesha picha wakati kompyuta ya Linux inawaka, huku ikificha mistari ya ujumbe wa kiufundi inayotolewa na kerneli na huduma za mfumo. Msanidi wake mkuu alikuwa Ray Strode wa kampuni ya Red Hat. Iliingia katika mfumo wa Fedora 10 mwaka 2008 badala ya RHGB, programu ya awali ya kazi hiyo hiyo, na mfumo wa Ubuntu ukaipokea katika toleo la 10.04, mwaka 2010.

RHGB ililazimika kuwasha seva ya michoro ya X mapema, mzigo mkubwa kwa picha ya sekunde chache. Plymouth huiachia kerneli kazi ya kupanga skrini. Huanza ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuwashia, kabla diski kuu haijafunguliwa, na kwa hiyo ndiyo pia inayoomba nywila ya diski iliyosimbwa.

Huwezeshwa kwa maneno "quiet splash" (Fedora: "rhgb quiet") katika vigezo vya kerneli. Ujumbe haufutwi: kitufe cha Esc huurudisha, na amri ya journalctl -b huusoma baadaye. Kompyuta ikikwama, fundi huyaondoa maneno hayo kwenye menyu ya GRUB, programu inayowasha kerneli, ili aone ilipokwamia.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini ujumbe wa kerneli hautafsiriwi; hubaki kwa Kiingereza. Kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, pazia hili la Plymouth huficha pia Kiingereza hicho kigumu.