Jembe la Askari wa Kate

Mzee mmoja wa Kate aliwahi kuniuliza swali ambalo chuoni hatukufundishwa kulijibu. Baba yake mdogo aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili akiwa hajaoa, akapelekwa Burma, asirudi. Habari ya kifo ilifika, maiti haikufika. Mama wa askari yule alikataa matanga yaondolewe. Jembe la mwanawe lilikaa ndani, na msimu wa ulezi ulipofika hakuna aliyeruhusiwa kulimia. Mama akafa, jembe likabaki. "Mchungaji," mzee akasema, "tumwombee kama marehemu au kama msafiri?" (Yeye ni Mkatoliki, kama wengi wa Kate. Alinijia mimi kwa kusikia kwamba napenda historia.)

Basi nilianza na historia. Vikosi vya 26 na 36 vya KAR, wale tuliowaita keya, vilikuwa vya Tanganyika. Vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovuka bahari mwaka 1943 hadi Ceylon kwa mazoezi. Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo iliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua kubwa za huko zikinyesha. Barabara ziligeuka tope, chakula kikadondoshwa kwa ndege, na malaria ikaua pamoja na risasi. Hapo ndipo alipofika kijana aliyezoea baridi ya Ufipa. Tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Huko Taukkyan, nje ya Yangon, yako makaburi ya vita, na nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Askari wa Afrika Mashariki wamo. Tulitafuta katika orodha tukapata majina matatu yanayofanana na la baba yake mdogo, kila moja limeandikwa jinsi karani alivyolisikia. Hakuna lililotaja Kate.

Kisha tukasoma 2 Samweli 21, habari za Rispa, aliyelinda maiti za wanawe dhidi ya ndege na wanyama tangu mavuno hadi mvua. Hakuna aliyemwambia basi, yatosha. Mfalme aliposikia, ndipo mifupa ikazikwa. Mimi niliwahi kuhubiri kwamba kuchelewesha matanga ni kukosa tumaini la ufufuo. Nilisema upesi mno. Rispa alikuwa na miili ya kulinda, mama wa Kate alikuwa na jembe tu.

Nilimjibu mzee: kama marehemu, aliye mikononi mwa Bwana.

Ukoo ulikusanyika Jumamosi. Katekista wao aliongoza sala, mimi nikapewa somo. Mzee alisimama akalitaja jina la baba yake mdogo kwa sauti, akaketi. Jembe likatolewa nje. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, chuma kizima. Mjukuu mmoja akaenda kuchonga mpini mwingine.