Kutoka jicho la paka hadi jani la mahindi

Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi aliingia Tanzania, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kupigwa. Huku Ufipa mahindi ndiyo ugali, ndiyo ada, ndiyo bati la nyumba. Mwaka 2018 FAO na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakatangaza Nuru, programu ya simu inayotazama jani lililoliwa na kusema kama ni kazi ya kiwavi huyo, hata pasipo intaneti.

Uchawi? Sisi wa Sumbawanga tumechoka na neno hilo, kwa hiyo ngoja niwape historia yenyewe.

Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika kwa hesabu jinsi seli ya ubongo inavyofanya kazi: inapokea ishara, zikitosha nayo inarusha yake. Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel, wakipima ubongo wa paka, wakaeleza kuwa seli za kuona zimegawana kazi. Hii inaitikia mstari uliosimama, ile uliolala. Mjapani Kunihiko Fukushima akauiga mpango huo kwenye kompyuta mwaka 1980. Kisha 1989 Yann LeCun akaufundisha mtandao wa aina hiyo kusoma namba zilizoandikwa kwa mkono. Hakuupa kanuni. Unaonyeshwa picha na jibu lake, ukikosea unarekebishwa, tena na tena.

Sasa jamani, hayo majibu anayatoa nani? Kabla ya mahindi, watafiti wa Penn State walianza na muhogo, na picha zao zilipigwa Bagamoyo, kwenye mashamba ya majaribio ya taasisi ya IITA. Picha 2,756. Waliozipanga ni watu wanaoijua batobato na michirizi kahawia kwa macho yao wenyewe. Kwangu mimi hao ndio walimu wa mashine, ingawa sifa huenda kwa kompyuta. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba inapatia kwa asilimia 93.

Ila walipoijaribu kwa simu shambani, matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha inayumba pale dalili za ugonjwa zinapokuwa hafifu. Hilo ndilo linanisumbua nikifikiria mahindi yetu. Mkulima anamtaka kiwavi angali mdogo, kwa sababu akishajichimbia kwenye moyo wa mmea, dawa haimfikii sawasawa.